Nyumba yangu ya kwanza ya kupangisha: kwa nini niliacha ile nzuri

Nyumba niliyoipenda kuliko zote sikuinunua. Ilikuwa na baraza pana, madirisha makubwa, na jiko la kutamanisha. Nilijishtukia nikiwa tayari napanga sofa langu likae wapi, wakati humo angekuja kukaa mtu mwingine kabisa.

Nikashika kalamu. Dalali alisema kodi yake ni nzuri, na kweli ilikuwa nzuri, ila kodi si faida. Tuchukulie mpangaji analipa 100 kwa mwezi. Wawekezaji wengi huanza na makadirio rahisi kwamba nusu itamezwa na matengenezo, bima, kodi ya majengo, miezi nyumba inapokaa tupu, na malipo ya msimamizi kama husimamii mwenyewe. Inabaki 50, na hapo rejesho la mkopo bado. Benki ikitaka 60, kila mwezi unachomoa 10 mfukoni ili mtu mwingine alale pazuri! Ni makadirio tu. Nyumba mpya hula kidogo, kuukuu hula zaidi. Lakini kwa ile yenye baraza yalitosha kunitoa usingizini.

Niliyoichukua ni ya vyumba viwili, sura ya kawaida sana, hatua chache kutoka kituo cha basi. Wanaotafuta vyumba viwili ni wengi, hivyo mmoja akihama hungoji sana kumpata mwingine. Mwezi mmoja tu wa nyumba kukaa tupu unaondoa zaidi ya asilimia 8 ya kodi ya mwaka.

Hati niliiachia wakili aikague. Nyumba yenyewe niliikagua mwenyewe, bila haraka. Nilifungua bomba la jikoni na la bafuni kwa pamoja, nikavuta choo, nikatazama kama maji yanapungua nguvu. Nikainama chini ya sinki nikapapasa ubao: mkavu. Ila chumbani, kona moja ya dari ilikuwa nyeupe kuliko dari yote. Nikamuuliza muuzaji mbona kapaka rangi pale tu. Akasema ni usafi. (Usafi wa kona moja!) Fundi alipopanda juu alikuta mbao imeoza kando ya bomba linalotokeza kwenye paa. Akaniandikia gharama za kurekebisha, nikaenda nazo mezani, bei ikashuka.

Mpangaji alikuwemo tayari. Wengi wanaona hiyo ni baraka, mimi nikaomba mkataba wake na stakabadhi za malipo. Kodi iliyoandikwa humo ilikuwa chini ya ile niliyotajiwa, kwa hiyo hesabu yote nikaifanya upya, na bado ikasimama. Kisha amana yake: alikuwa ameshamlipa muuzaji, na siku akihama angenidai mimi. Tukaandika kwenye mkataba wa mauzo kwamba inakatwa kwenye bei, kabla sijasaini chochote.