Nilivyoteremka Ngomo katika mvua, mota ya waipa ikiwa imekufa

Kila mvua zinapoanza hapa Bukavu, mashariki mwa Kongo, mwezi wa Septemba, husikia watu wakipeana mashauri ya uendeshaji yanayoweza kuwapeleka kaburini. Lililonikera kupita yote nilipewa na dereva mmoja wa lori pale Nyangezi, nikielekea Kamanyola kwa barabara ya mteremko mkali wa Ngomo pamoja na shemeji yangu: «Mdogo wangu, ukifika Ngomo weka nyutro, gari lishuke lenyewe, utaokoa mafuta.» Kwenye nyutro, yaani bila gia yoyote, injini haizuii gari tena, kazi yote inabaki kwa breki, na magurudumu yakifungwa na breki juu ya udongo uliolowa, unaweza kuzungusha usukani upendavyo, gari litaenda litakako. Nilimshukuru mzee huyo kwa heshima, kisha nikaamua kufanya kinyume chake.

Tulikuwa bado hatujaanza kuteremka mvua ilipopamba moto na mota ya waipa ikafa. Shemeji, ambaye hakosi dawa ya jambo lolote, alikata kiazi ulaya kutoka kwenye mzigo wetu akakisugua kioo chote cha mbele kwa bidii ya mtu anayeosha mtoto. Katika manyunyu ujanja huo husaidia kidogo, kwa kuwa wanga hufanya maji yatandae badala ya kusimama matone matone. Lakini mvua ya Ngomo iliusafisha mara moja, tukabaki na kioo kilichofifia kuliko mwanzo na kiazi kisicholika.

Hapo ndipo nilipopata wazo ambalo hadi leo najivunia. Nilichomoa fimbo inayounganisha mota na mikono ya waipa, maana bila hivyo mota huishikilia mikono hiyo isisogee, nikafunga kamba ya mzigo kwenye mkono mmoja na nyingine kwenye wa pili, nikaziingiza ndani kwa madirisha ya pande zote mbili. Shemeji aliketi katikati ya kiti cha nyuma akivuta kulia, kushoto, kulia, kushoto, huku maji yakimwingia mikononi, naye akinung'unika kwamba hata punda hulipwa majani. Kioo kilionekana safi kabisa! Tena, madirisha yakiwa wazi kidogo, ukungu wa ndani nao ukatoweka.

Tuliteremka kwa gia ya kwanza mwanzo hadi mwisho, mguu ukigusa breki kidogo tu, na kabla ya kona, wala si ndani yake. Taa niliziwasha za chini, kwani zile kali hurudishwa na matone na kukupofusha wewe mwenyewe. Usukani wa gari langu uko kulia, kama magari mengi yatokayo Japani, na watu hulalamika kwamba haufai katika nchi tunayopita upande wa kulia; siku hiyo uliniwezesha kuuona ukingo wa barabara uliomomonyoka karibu kabisa na gurudumu. Kupita lori lililo mbele, hata hivyo, sikuthubutu.

Pale Kamanyola fundi alitubadilishia mota kwa dola thelathini hivi, labda na kidogo zaidi. Kurudi tulipitia upande wa Rwanda, kwenye lami, na gharama za karatasi za mpakani alizilipa shemeji bila kuombwa.