Siku moja wodini, kando ya kitanda cha mtoto

Mtoto wa mfano wetu ana miaka 2 na kilo 12. Amelazwa kwa nimonia, leo ni siku ya 4. Homa imeshuka, kanula (mrija mdogo wa dawa ulioingizwa kwenye mshipa) iko mkono wa kushoto, na bado anahitaji oksijeni kidogo kwa mrija wa puani. Mzazi analala kwenye kiti pembeni.

Saa 11:00 alfajiri

Kabla hajaamka, hesabu pumzi. Funua nguo na utazame tumbo: likipanda na kushuka, hiyo ni moja. Hesabu dakika nzima. Ukihesabu sekunde 15 na kuzidisha kwa 4, kosa la pumzi moja linakuwa kosa la pumzi nne, na watoto wadogo hawapumui kwa mwendo mmoja. Kuanzia mwaka 1 hadi kabla ya miaka 5, pumzi 40 kwa dakika au zaidi ni nyingi. Miezi 2 hadi 11 kikomo ni 50, chini ya miezi 2 ni 60. Akiwa analia au amenyonya sasa hivi, namba hiyo haina maana. Subiri atulie.

Andika namba na saa kwenye daftari lako. Faili la wodi lina zake, lakini la kwako ndilo litakalokuwa mkononi utakapoulizwa.

Saa 12:30

Mizani, kabla ya kula. Nguo zile zile kila siku, au bila nguo kabisa, na nepi kavu. Kibao cha kushikilia mkono wenye kanula nacho kina uzito, kwa hiyo kama jana kilikuwepo na leo hakipo, mwambie nesi. Gramu 200 za kibao zinaweza kusomeka kama mtoto amekonda.

Saa 1:00 asubuhi

Manesi wanakabidhiana zamu. Usiombe mambo madogo katika nusu saa hii, lakini sikiliza wakifika kitandani kwako. Wakisema mtoto amelala vizuri nawe unajua amekohoa tangu saa 8 usiku, sema hapo hapo. Taarifa ikishavuka zamu bila kusahihishwa, inakuwa ukweli wa siku nzima.

Saa 3:00, raundi

Daktari ana dakika chache. Maneno kama "anapumua vibaya" hayamsaidii sana. Yanayomsaidia ni haya: "Daktari, jana jioni alipumua mara 34 akiwa amelala, alfajiri hii 44, na kifua kinabonyea chini ya mbavu anapovuta hewa." Namba, saa, na tofauti na hali yake ya kawaida. Hakuna mtu wodini anayeijua hali yake ya kawaida kukuzidi wewe.

Uliza mambo matatu: nini kimebadilishwa leo, tunasubiri nini ndipo aruhusiwe, na dalili gani nikiiona niite mtu mara moja. Andika majibu daktari akiwa bado amesimama hapo.

Saa 4:30, kanula

Hapa ndipo mambo mengi yanapoharibika, na mzazi anaweza kuliona tatizo mapema kuliko mtu yeyote. Weka mikono yote miwili ya mtoto juu ya shuka, ubavu kwa ubavu, uilinganishe. Mkono wenye kanula ukiwa mnene zaidi, mgumu au wa baridi, dripu imetoka kwenye mshipa na maji yanaingia kwenye nyama. Ukiwa mwekundu, wa moto, na mtoto anaruka ukiugusa, mshipa umechokozwa au umeingiwa na wadudu. Kwa vyovyote vile usisubiri saa ya dawa kumwita nesi, maana sindano inayofuata itaingia pasipo pake. Vidole viachwe wazi kila wakati. Vikiwa vya samawati au vimevimba, huenda plasta imekaza mno.

Ikibidi achomwe upya, omba umpakate kifua kwa kifua, miguu yake ikizunguka kiuno chako, mkono mmoja ukinyooshwa nje kwa nesi. Mtoto anayelazwa chali na kubanwa na watu wazima watatu hupigana zaidi, na mshipa hupotea. Mwambie ukweli muda mfupi kabla: itauma, halafu itaisha. Ukimwambia haiumi, kesho hatakuamini hata kwenye kipimajoto.

Saa 6:00 mchana

Chakula kidogo kidogo, mara nyingi, akiwa ameketi wima. Anayenyonya aendelee kunyonya. Akipumua kwa kasi usimlazimishe kumeza, kwa kuwa chakula kinaweza kuingia njia ya hewa.

Kama anapimwa maji yanayoingia na kutoka, pima nepi. Gramu 1 ni sawa na mililita 1 hivi. Nepi kavu gramu 25, iliyolowa gramu 110: mkojo ni mililita 85. Kwa kilo 12 tunatarajia angalau mililita 12 kwa saa, yaani karibu 72 kwa saa 6. Nepi yenye choo na mkojo pamoja haipimiki hivyo, kwa hiyo andika "mchanganyiko" badala ya kubuni namba.

Saa 8:00

Kipima oksijeni kinalia. Mtazame mtoto kwanza, kisha mashine. Kama ana rangi nzuri na anacheza, kagua mguu uliofungwa kifaa: mguu baridi, kidole kinachotikisika, au rangi kwenye kucha huipotosha mashine. Namba ya mapigo ya moyo kwenye kioo isipolingana na mapigo unayoyahesabu mwenyewe, namba ya oksijeni nayo usiiamini. Lakini kama namba ni chini ya 90 na mtoto anahangaika, ita msaada. Huku ukisubiri, angalia mrija: umetoka puani, umebanwa chini ya mgongo wake, au makamasi yameuziba? Usipandishe kiwango cha oksijeni mwenyewe. Pua ikikauka usipake mafuta ya mgando, kwani hayafai karibu na oksijeni. Nesi atakupa kinachofaa.

Saa 10:00

Muda wa kucheza kitandani, vizuizi vikiwa juu. Mtoto huanguka pale mzazi anapogeuka kuchukua kitu "sekunde moja tu". Vizuizi vikishuka, mkono wako mmoja uwe juu yake.

Usishangae akikojoa kitandani ilhali alishaacha, au akigoma kuongea. Kilio tunakizoea. Kinachotusumbua ni ukimya. Miaka ya 1950 huko Uingereza, James Robertson, mfanyakazi wa ustawi wa jamii, alirekodi filamu ya mtoto wa miaka 2 aliyelazwa huku wazazi wakimwona kwa nadra. Wahudumu wa enzi hizo waliona mtoto wa namna hiyo ametulia. Robertson aliona amekata tamaa. Ripoti ya Platt ya 1959, ya kamati ya serikali ya huko, ikapendekeza wazazi waweze kuwaona watoto wao wakati wowote. Kiti unachokalia, kigumu kama kilivyo, kilipiganiwa.

Lakini ukimya unaweza pia kuwa ugonjwa. Asiyeamka vizuri, asiyekutazama machoni, anayeacha kunywa: huyo aonwe sasa.

Saa 12:00 jioni, wazazi wanabadilishana

Swali la kwanza la anayeingia liwe: dawa ya mwisho ya homa alipewa saa ngapi, na nani? Dozi mara mbili hutokea hivi: nesi ametoa saa 11, mzazi aliyetoka nyumbani na chupa yake akatoa saa 12. Parasetamoli ni miligramu 10 hadi 15 kwa kilo, isizidi dozi 4 kwa saa 24. Kwa kilo 12, kiwango cha juu cha dozi moja ni miligramu 180. Katika dawa ya maji yenye miligramu 120 kwa mililita 5, hiyo ni mililita 7.5. Katika yenye miligramu 250 kwa mililita 5, ni 3.6 tu. Ukimimina 7.5 za hiyo ya pili, umempa miligramu 375. Soma chupa, pima kwa bomba lisilo na sindano, achana na kijiko cha jikoni. Na dawa ya nyumbani ibaki nyumbani.

Saa 3:00 usiku hadi alfajiri

Taa zimepunguzwa. Nyoosha mrija wa oksijeni kuelekea juu ya kichwa, usizunguke shingo. Osha mikono kwa sabuni, zoezi zima sekunde 40 hadi 60, kabla ya kumgusa na baada ya nepi.

Usimpakate ukiwa unasinzia kwenye kiti. Mrudishe kitandani, pandisha kizuizi, kisikilize kikiingia kwenye kufuli. Muulize nesi atapita saa ngapi kupima, kawaida kila saa 4 kwa mtoto anayeendelea vizuri, kisha ulale kati ya mapito hayo. Mzazi aliyekesha siku 3 hukosea kusoma chupa.