Siku tulipohesabu saa ubaoni

Ninafundisha walimu watarajiwa wa Maarifa ya Jamii katika chuo kimoja huku Arua, Uganda. Mwanzoni nilifundisha sheria vile nilivyofundishwa mimi: mihimili ya dola, Katiba ya 1995, ibara hii na ile. Wakakariri, wakafaulu, wakasahau. Iliniuma, maana Ibara ya 4 ya Katiba hiyohiyo inataka ifundishwe katika taasisi zote za elimu, na hawa ndio watakaoifikisha vijijini.

Njia niliipata asubuhi moja ya Jumanne. Mwanachuo aliingia kipindi kimeshaanza. "Samahani mwalimu, kaka yangu yuko ndani tangu Ijumaa." Alikamatwa saa ngapi? Saa kumi na mbili jioni. Nikafuta ubao, tukaanza kuhesabu. Jumapili jioni tukafika 48. Chaki ikaendelea mpaka 86.

Ndipo nikawapa Ibara ya 23 waisome wenyewe: aliyekamatwa, kama hajaachiwa mapema, afikishwe mahakamani kabla ya saa 48 kupita. Wengi walidhani wikendi haihesabiwi. Wengine, familia zao ziliwahi kutoa pesa ili ndugu apewe dhamana ya polisi, na dhamana hiyo ni bure. Mwenzao aliinakili ibara kwenye karatasi, akaenda kituo cha polisi na mwenyekiti wa LC1, yaani baraza la kijiji. Jioni kaka yake alilala nyumbani.

Tangu hapo mada naianza na jambo lao. Ardhi tuliianza na shamba la familia lililouzwa bila ridhaa ya mke, kisha ndipo tukafungua Sheria ya Ardhi ya 1998.

Pagumu palikuwa viboko. Marekebisho ya Sheria ya Watoto ya 2016 yamevipiga marufuku shuleni, nao wengi walikuwa wanajiandaa kwenda kuchapa. "Sisi tulichapwa, mwalimu, na tumekuwa watu," alisema kijana wa viti vya nyuma. Nikamuuliza: saa za kaka wa mwenzako ulizihesabu kwa hasira, mtoto wa darasa la tano nani amtetee? Akanyamaza, halafu akauliza, "Basi nitumie nini, na watoto themanini darasani?"

Hilo lilikuwa swali la kweli, tukalifanyia kazi vipindi viwili. Nilipomtembelea kwenye mazoezi ya kufundisha, ukutani palikuwa na sheria za darasa, kwa mwandiko wa watoto wenyewe. Ya kwanza: "Mwalimu atusikilize kabla ya kutuadhibu."