Ngozi ya Gideoni na figo ya mdogo wangu

Mwaka 2018 mdogo wangu wa kiume alikuwa na miaka 31, na figo zake zote mbili zilikuwa zimekwisha kazi. Mara tatu kwa wiki alilala kwa muda wa saa nne kwenye mashine ya kusafisha damu, na akitoka pale hakuwa na nguvu hata ya kupanda daladala. Ukimshika mkono wa kushoto, pale madaktari walipounganisha mishipa, unasikia mtetemo chini ya ngozi kama simu inayoita bila mlio. Maji alipimiwa: nusu lita kwa siku, chai na mchuzi vikiwa humo humo. Ndizi alikatazwa. Sisi ni watu wa Marangu. Mtu akikatazwa ndizi, Krismasi anakula nini?

Novemba 2017 Muhimbili walikuwa wamepandikiza figo kwa mara ya kwanza hapa nchini. Kabla ya hapo wagonjwa walipelekwa India, na hela ya India kwetu ilikuwa ndoto. Daktari alipotuambia tutafute ndugu wa kumtolea, familia ilikaa. Kaka yetu mkubwa ana kisukari. Mama ana presha. Macho yote yakanigeukia mimi, na hakuna aliyesema neno.

Nilikuwa na watoto wawili, wa mwisho ana miaka minne. Nikaomba muda nimuulize Mungu.

Na nilimuuliza kweli. Nilifunga siku tatu. Nikamwekea alama, kama Gideoni wa kwenye Biblia alivyomwomba Mungu ishara kwa ngozi ya kondoo: Bwana, kama hutaki, vipimo vikatae. Vipimo vikakubali. Nakumbuka nimesimama kwenye korido na ile karatasi mkononi, moyo ukashuka. Jioni ile ile nikaomba alama nyingine.

Ikaja, au nilidhani imekuja. Rafiki alinipeleka kwenye mkesha, mahali ambapo mimi, Mlutheri wa kuzaliwa, sikuzoea kusali. Mhubiri akaniwekea mkono kichwani, akasema ameonyeshwa kwamba mdogo wangu atapona kwa maombi, na kwamba nikikubali kupasuliwa nitaacha yatima. Nilirudi nyumbani alfajiri nikiwa mwepesi. Nikafua, nikapika chapati. Mchana nikaenda kumwona mdogo wangu, nikamkuta ananyonya kipande cha barafu, anakizungusha taratibu mdomoni ili kisiishe, na ule wepesi wote ukanitoka. Niliwaza kwamba neno la Mungu lingeweza kusemwa mbele ya mtu huyu. Hili la mhubiri, nilikaa naye saa nzima, nikashindwa kulitamka.

Jumamosi jumuiya ilisali nyumbani kwetu. Watu walipoondoka, mama mmoja mtu mzima, mzee wa kanisa, alibaki kunisaidia vyombo. Nikamweleza yote. Alisikiliza mpaka mwisho, akafuta mikono kwenye khanga, akaomba Biblia.

"Mwanangu, ngozi ya Gideoni iko mstari wa ngapi?"

Nikafungua Waamuzi sura ya 6, nikamwambia 37.

"Haya, panda juu mpaka wa 14."

Nikasoma: "Enenda kwa uwezo wako huu."

"Umeona? Alikuwa ameshaambiwa. Ngozi ilikuwa hofu yake, na Mungu akamvumilia. Na wewe atakuvumilia. Ila hofu usiiite sauti ya Mungu." Kisha akaniuliza kitu ambacho yule mhubiri hakuniuliza: "Baba watoto anasemaje?"

Sikuwa nimemuuliza. Nilikuwa nafunga na kukesha, huku mtu ninayelala naye kitanda kimoja sijamwambia hata kwamba vipimo vimekubali. Usiku ule tulizungumza mpaka saa nane. Alikasirika, kisha akalia. "Siku mtoto wetu mmoja akihitaji figo," akasema, "utampa ipi?" Sikuwa na jibu, na mpaka leo sina. Dada mwingine angekataa kwa swali hilo tu, na sidhani kama angekuwa amemkosea Mungu.

Tulikwenda wote wawili kwa daktari, na mume wangu ndiye aliyeuliza zaidi. Daktari hakuficha kitu: upasuaji wowote una hatari yake; figo inayobaki hukua kidogo na kubeba sehemu kubwa ya kazi ya mwenzake; nitapimwa presha na mkojo maisha yangu yote. Kisha akamwomba mume wangu atupishe, akafunga mlango. Akaniambia nikitaka kuacha niseme, hata asubuhi ya upasuaji, na familia itaambiwa tu kwamba sifai kutoa, basi.

Nilikaa kimya muda mrefu. Hakuna mtu angejua, hata Mama. Hiyo ndiyo alama niliyokuwa naitafuta wiki zote zile, nimewekewa mezani, na nilipoiangalia nikajikuta siitaki. Hofu ilikuwepo bado, tumbo linanikata. Sikusikia sauti wala sikuona kitu. "Niko tayari, daktari," nikasema, na nikashangaa jinsi nilivyosema kwa utulivu. Mume wangu aliporudi aliniangalia usoni, akavuta kiti karibu, akanishika mkono bila kuuliza.

Siku ya nne baada ya upasuaji niliruhusiwa kwenda kumwona. Nilivaa barakoa, nikatembea hatua kwa hatua nimeshika ubavu, nikasimama mlangoni kwake. Karibu mwaka mzima mdogo wangu hakuwa anapata mkojo zaidi ya matone. Sasa ananionyesha kwa kidole mfuko ulioning'inia pembeni ya kitanda, umejaa, maji ya manjano safi kabisa.

"Dada," akasema, "nesi ameshaumwaga mara tatu tangu asubuhi."