Choa cha Kinenani
Mwanzoni mwa mwaka 2014, katika joto la kaskazi ambalo watu wa Tanga tunalijua vyema, nilitokwa na doa jekundu kinenani, pale paja linapoungana na kiwiliwili. Nilikuwa mwalimu, na kama wengi mjini humu nilikwenda kazini kwa baiskeli, nikitoka Makorora asubuhi na kurudi jua likiwa kali, suruali imelowa jasho. Doa lilipanuka likawa duara lenye ukingo mwekundu ulioinuka na kutoa ukurutu, huku katikati ngozi ikirudia rangi yake. Usiku muwasho haukunipa usingizi.

Maradhi ya mahali hapo hayasemeki kwa urahisi. Mke wangu aliyaona, akanyamaza, na nilifahamu alichokuwa akikiwaza. Katika duka la dawa, muuzaji hakuniuliza yameanza lini wala yanafananaje. Alinipa krimu ya mchanganyiko, yaani steroidi kali, antibiotiki na dawa ya fangasi katika tyubu moja. Wekundu ulififia upesi na muwasho ukatulia, lakini kila nilipoacha kupaka ulirudi kwa nguvu zaidi, hadi madoa yakapoteza umbo la duara, yakaota vipele na kutambaa kuelekea makalioni. Steroidi huzima wekundu na uvimbe kwa kudhoofisha kinga ya ngozi, na fangasi huendelea kuenea bila kipingamizi. Krimu hizo, kwa maoni yangu, hazifai kuuzwa kama peremende.

Katika kliniki ya ngozi nilipokewa na mama mmoja mtu mzima, aliyesomea maradhi hayo Moshi, katika kituo cha mafunzo kilichoanzishwa kwenye hospitali ya KCMC mwaka 1992. Alitazama kinena kwa muda mfupi tu, kisha akasema, "Sasa mwalimu, vua na viatu." Baina ya vidole vya mwisho vya miguu ngozi ilikuwa nyeupe, imelegea na kubanduka, nilikuwa nimeizoea kwa miaka, nikidhani ni jasho la soksi. Fangasi wa miguuni hupandishwa kinenani kwa taulo, au kwa nguo ya ndani inayopitishwa miguuni wakati wa kuvaa.

Maabara nilimkuta kijana niliyemfundisha darasa la saba. "Shikamoo, mwalimu," alisema, kisha hakuinua tena macho kutoka kwenye kazi yake, jambo ambalo hadi leo namshukuru. Alikwangua ukingo wa doa kwa kisu butu, akaupokea ukurutu juu ya kioo, akadondoshea hidroksidi ya potasiamu, ambayo huyeyusha seli za ngozi na kuacha fangasi aonekane. Aliponiruhusu kuchungulia kwenye hadubini, niliviona vijiuzi vyembamba vyenye matawi vikikatiza kioo.

Mama daktari alimwita mke wangu ndani na kumweleza, mbele yangu, kwamba hicho ni choa, na kwamba mtu anaweza kujiambukiza mwenyewe kutoka miguuni mwake. Mke wangu aliomba naye aangaliwe, hakuwa nacho. Mimi nilipimwa sukari, ikawa sawa, nikaandikiwa vidonge vya terbinafine vya miligramu 250, kimoja kwa siku, pamoja na krimu ya clotrimazole ya asilimia 1, asubuhi na jioni, kinenani na vidoleni, zote mbili dawa za fangasi. Krimu ya awali niliachishwa siku hiyo hiyo, na nilionywa kwamba wekundu ungeongezeka kwanza kabla ya kupungua. Ndivyo ilivyokuwa, na bila onyo hilo ningeirudia.

Muwasho ulikwisha mapema, lakini niliendelea kupaka hata baada ya ngozi kuwa safi, kama nilivyoagizwa. Tangu hapo huvaa soksi kabla ya nguo ya ndani, na taulo ya miguu nimeitenga. Weusi ulibaki kinenani kwa miezi kadhaa. Vidoleni hunirudia baadhi ya miaka kaskazi inapoanza, nami hununua clotrimazole peke yake.