Kuhesabu Samaki Nyuma ya Kiwanda Kilichofungwa

Jumamosi iliyopita niliungana na wenzangu kuhesabu samaki katika kijito kinachopita nyuma ya kiwanda cha ngozi kilichofungwa zamani, kabla hakijaingia Mto Ngong. Mzee aliyekuwa akimwagilia sukuma wiki ukingoni alitutazama, kisha akasema, "Vijana, mnajisumbua. Humo mna vile vidogo vya kula mbu tu."

Nyavu mbili huziba sehemu iliyochaguliwa, moja maji yanakotokea na nyingine yanakoelekea, kisha mmoja hupita na kifaa cha umeme mgongoni huku mwenzake akiwachota samaki waliopatwa na ganzi. Zoezi hurudiwa bila kuwarejesha wa kwanza. Ikiwa mara ya kwanza wamepatikana 40 na ya pili 20, inakisiwa kwamba kila mara hunaswa nusu ya waliomo, hivyo mwanzoni walikuwa 80. Hata hivyo, maji yaliyojaa chumvi za taka hupitisha umeme kwa wepesi mno, nao ukamzunguka samaki badala ya kumpenya. Asiyerekebisha kifaa atatangaza kwamba kijito kimekufa, ilhali samaki wamemponyoka.

Mzee alisema kweli, au karibu na kweli: maji yakishapita kiwanda tulipata gapi wengi na kambale mmoja. Gapi, ambao asili yao ni Amerika Kusini na ambao husambazwa ili wale viluwiluwi vya mbu, hupumulia utando wa juu wa maji pale oksijeni inapopungua majini; kambale naye huibuka kuvuta hewa. Ndoo iliyojaa samaki wa aina hiyo, wanaovumilia maji yasiyo na oksijeni ya kutosha, hainifurahishi. Kabla maji hayajafika kiwandani walikuwepo pia samaki wadogo wa asili wa jamii ya barbasi, ambao huku chini hatukumwona hata mmoja.

Sitaki kukitwika kiwanda lawama zote, kwa kuwa maji machafu ya majumbani nayo huingia papo hapo na kumaliza oksijeni. Kromiamu ya kusindikia ngozi, kwa upande wake, hutulia kwenye tope miaka mingi baada ya milango kufungwa, na mvua kubwa huitibua upya.

Tulipokuwa tukikunja nyavu, mzee aliuliza kama sukuma yake ni salama. Samaki hawawezi kulijibu swali hilo, kwa hiyo tulichota tope la ukingoni mwa shamba lake tulipeleke maabara.