Watazamaji kumi na mmoja

Jumamosi iliyopita niliwahesabu. Kumi na mmoja, tena nikimjumuisha mama wa mihogo ya kukaanga aliyekuwa kivulini na karai lake. Mtoto wa kaka yangu anacheza netiboli chuoni kwao, anavaa GA (goal attack, mmoja wa wafungaji wawili) kama mimi enzi zangu. Aliponiona akaacha kupasha misuli. "Shikamoo shangazi! Kumbe umekuja kweli?"

Nilikuja kweli, kwa daladala mbili, na zote mbili redio zilikuwa zinachambua mechi ya Yanga ya usiku. Konda wa pili alinibishia kuhusu beki wa kushoto utadhani tumesoma naye. Dar ndiyo hii. Mtoto anarithi Jangwani au Msimbazi kabla hajajua kuandika jina lake. Chuo harithi mtu. Unakaa miaka mitatu, unarudisha ufunguo wa hosteli, umeondoka.

Njiani nilikuwa nimemfikiria Hasheem Thabeet, mcheza kikapu wetu. Mzaliwa wa Dar, mita 2.21, mwaka 2009, timu za NBA, ligi ya kikapu ya Marekani, zilipochagua wachezaji wapya, alichaguliwa wa pili, Stephen Curry wa saba. Lakini kabla ya hapo aling'ara kwenye timu ya chuo, Connecticut. Jimbo lile halina timu ya NBA, kwa hiyo chuo ndiyo Simba na Yanga yao kwa pamoja. Na si wanaume tu: mabinti wa chuo hicho wametwaa ubingwa wa kitaifa wa kikapu mara 12 hadi 2025, na watu wananunua tiketi kuwaona. Wanawake wanacheza, babu na mjukuu wananunua tiketi! Suleiman Nyambui naye, mshindi wa fedha ya mita 5,000 Moscow 1980, alikuwa mkimbiaji wa chuo cha El Paso, Texas.

Siwaonei wivu kwa kila kitu. Uwanja wa chuo cha Michigan unaingiza watu zaidi ya 100,000, Mkapa wetu 60,000, lakini hadi 2021 mchezaji wa chuo kule alikatazwa hata kulipwa kwa tangazo lenye jina lake. Kocha alilipwa mamilioni ya dola, kijana alipewa ada na chakula. Sisi angalau tulinyimwa wote kwa usawa. Nakumbuka mashindano ya Morogoro: tulilala kwenye madarasa, godoro moja watu wawili, na posho tuliyosainia mpaka leo sijaiona. Nikipita ile ofisi bado huwa naangalia mlango.

Ila tuliporudi na kikombe, hakuna aliyejua kama tulikuwa tumesafiri. Hilo liliniuma kuliko posho. Mwenzangu wa chumba aliuliza kama nilikuwa msibani.

Timu kubwa za netiboli nchini ni za taasisi, JKT Mbweni, Uhamiaji na wenzao, kwa hiyo binti mwenye mkono mzuri anaweza kupatia kazi uwanjani. Huyu wangu anasomea uhasibu na anasema anacheza kwa raha zake tu. Namwamini nusu.

Robo ya tatu nikaenda kununua mihogo. Mama akanifungia kwenye gazeti, akaongeza pilipili bila kuuliza.

"Yule GA wenu," akasema, macho uwanjani, "leo anachelewa kuachia mpira. Wiki iliyopita hakuwa hivyo."

Nikageuka kuangalia. Alikuwa anachelewa.